Malale ya Rukwa yasiwekwe nyuma ya kucha za matajiri

Mtu asafiriye kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda hupita Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi. Hapo juu, katika uwanda wa Ufipa, hewa ni ya baridi, na mashamba ni ya mahindi, maharage na ulezi. Lakini akiteremka kuelekea Ziwa Tanganyika, au akiingia katika mapori ya Lwafi na yale ya Katavi, hukuta nchi nyingine kabisa. Huko kuna miombo, kuna wanyama wa porini, na kuna mbung'o. Palipo na mbung'o na wanyama katika magharibi ya Tanzania, malale hayako mbali. Nkasi, pamoja na Mpanda, Urambo, Kasulu na Kibondo, imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa wilaya zenye ugonjwa huo.

Ugonjwa wenyewe hauhitaji mapambo. Mbung'o humwuma mtu, vimelea viitwavyo tripanosoma huingia katika damu, homa hupanda na kushuka, na baada ya muda vimelea huvuka mpaka ubongoni. Hapo mgonjwa huchanganyikiwa, hulala mchana na kukesha usiku, hubadilika tabia hata ndugu zake wakadhani karogwa. Katika mkoa ambao jina la mji wake mkuu huelezwa kuwa na maana ya kutupa uchawi, haishangazi mgonjwa wa namna hiyo akifikishwa kwa mganga kabla ya kufikishwa hospitali. Asipotibiwa, hufa. Aina ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, iitwayo gambiense, huweza kuchukua miaka. Aina ya Afrika ya Mashariki, iitwayo rhodesiense, ambayo ndiyo ya Rukwa, huua katika muda wa wiki au miezi.

Sasa ipo dawa ya malale inayotokana na elementi ya boroni, na mgonjwa humeza vidonge vitatu kwa siku moja tu. Yafaa kila mtumishi wa umma na kila mwalimu wa Mkoa wa Rukwa ajiulize ni kwa sababu gani dawa hiyo, katika jaribio lililoitangaza duniani, haikumfikiria mgonjwa wa Rukwa.

Wako watu, tena wenye vyeti, wanaosema kwamba swali hilo si la kuulizwa Namanyere. Husema kuwa kemia ya boroni ni shughuli ya Wajapani na Wamarekani. Kwamba mkulima wa Nkasi anahitaji mbolea, barabara na dawa ya malaria. Na kwamba kumsomesha kijana wa Kifipa juu ya asidi za boroniki ni sawa na kumnunulia mtoto koti la theluji. Usemi huo una sura ya busara, na ndiyo maana ni wa hatari. Ni kasumba ileile iliyomfundisha mtu kuwa yeye ni wa kupokea dawa, wala si wa kuuliza dawa hiyo imetengenezwa kwa ajili ya nani.

Basi na ielezwe kwanza boroni ni kitu gani, maana wengi waliisoma Kidato cha Pili na kuiacha hapo hapo. Ni elementi ya tano katika jedwali, baina ya berili na kaboni. Mafundi wa dhahabu wanaijua kwa jina la boraksi, ile chumvi nyeupe wanayonyunyizia wakati wa kuyeyusha. Wachimbaji wadogo wa Chunya walionyeshwa miaka ya nyuma jinsi boraksi inavyoweza kuchukua nafasi ya zebaki, na kuwaepusha na sumu. Boroni ina elektroni tatu tu za nje, kwa hiyo hata ikishikamana na elementi nyingine tatu hubaki na nafasi moja tupu. Ni kama nyumba yenye kiti kimoja kilicho wazi daima. Chochote chenye elektroni za ziada, hasa oksijeni, kikipita mlangoni huvutwa kuketi. Asidi ya boroniki ni boroni hiyo ikiwa imefungwa upande mmoja kwenye kaboni, na pande mbili kwenye oksijeni zenye haidrojeni. Mwingereza Edward Frankland alikwisha kuitengeneza ya kwanza mwaka 1860, na kwa zaidi ya miaka mia moja haikuwa na kazi kubwa.

Kazi ilikuja mwaka 1979. Akira Suzuki na Norio Miyaura, wa Chuo Kikuu cha Hokkaido nchini Japani, walionyesha kuwa misombo ya boroni huweza kuunganisha kaboni na kaboni kwa msaada wa kichocheo cha paladiamu. Jambo hilo huonekana dogo kwa asiyejua. Lakini molekuli za dawa nyingi ni mifupa ya kaboni, na kazi ngumu kuliko zote katika kutengeneza dawa ni kuunganisha mfupa huu na ule mahali panapotakiwa, bila ya kuvunja vingine. Paladiamu hapo ni mshenga. Humshika mmoja, huenda kwa mwingine aliyekuja na boroni, huwakutanisha, kisha hutoka mikono mitupu na kwenda kuposa kwingine. Chembe kidogo ya mshenga huyo hufunga ndoa nyingi mno. Na kinachoipa njia hii heshima yake ni tabia ya asidi ya boroniki yenyewe: haiogopi maji, haiharibiki upesi hewani, na sumu yake ni ndogo kuliko ile ya misombo ya bati iliyotumika katika njia nyingine. Dawa ya shinikizo la damu iitwayo losartani, ambayo walimu wastaafu wengi huimeza kila asubuhi, kiwandani imeunganishwa kwa njia hiyo.

Suzuki alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2010 pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi. Mara baada ya hapo alieleza kuwa hakuichukulia hataza njia yake, kwa kuwa utafiti ule ulifanywa kwa fedha za serikali, na kitu cha umma chafaa kitumiwe na umma. Wale wanaodai kuwa kemia hii ni mali ya mabepari wa dunia waliangalie tendo hilo vizuri. Mlango uliachwa wazi kwa makusudi. Anayebaki nje na kulalamika kwamba hakukaribishwa, amefungwa na nini?

Kadhalika yafaa walimu wajue habari za mwalimu wa Suzuki huko Marekani, Herbert Brown, aliyepata Tuzo hiyo mwaka 1979. Alikuwa mtoto wa wahamiaji maskini. Mwaka 1936, alipohitimu chuo, mchumba wake alimzawadia kitabu juu ya misombo ya boroni na silikoni. Alikichagua kitabu hicho kwa sababu kilikuwa cha bei ndogo kuliko vingine vya kemia dukani: dola mbili na senti sita. Fani nzima ya kemia ilianzia kwenye kitabu cha bei ya chini. Shule yenye rafu tupu na isemwe kuwa ina rafu tupu. Isisemwe kuwa wanafunzi wake hawana haja ya kitabu.

Dawa zenye boroni ndani yake zilichelewa zaidi. Ya kwanza kuruhusiwa huko Marekani ilikuwa bortezomibu, mwaka 2003, kwa ajili ya saratani ya uboho. Boroni yake hukaa katika mdomo wa kile chombo cha seli kinachosagasaga protini chakavu, na seli ya saratani, isiyoweza kuishi bila ya kusafisha taka zake kwa kasi, hujisonga yenyewe. Kile kiti kitupu ndicho kilichofanya kazi hiyo. Baadaye wanakemia wa kampuni moja ya California, Anacor, waliifunga boroni katika pete ndogo, wakapata jamii ya misombo iitwayo benzoksaboroli, ambayo ni imara na huingia mwilini kwa urahisi.

Na hapa ndipo pa kusimama kidogo, maana tarehe zenyewe zinasema. Msombo wa jamii hii uliochaguliwa kwa ajili ya malale, unaoitwa leo akoziboroli, ulikwisha kuelezwa hadharani mwaka 2011. Katika maabara uliua vimelea vya gambiense na vya rhodesiense pia, na kwa wanyama wa majaribio ulionyesha kuwa waweza kufika ubongoni. Mwaka 2012 ulianza kupimwa kwa watu wazima wenye afya. Mwaka 2014 benzoksaboroli ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa. Je, ilikuwa ya malale? Ilikuwa tavaboroli, dawa ya kuvu wa kucha za vidole vya miguu. Mwaka 2016 iliruhusiwa ya pili, krisaboroli, ya kupaka kwenye ukurutu, na mwaka huohuo kampuni ya Pfizer ikainunua Anacor nzima kwa zaidi ya dola bilioni 5. Na ni mwaka huohuo wa 2016, mwezi wa Oktoba, ndipo wagonjwa wa malale walipoanza kuandikishwa katika jaribio la akoziboroli.

Kuvu wa kucha si dhambi, na mwenye ukurutu anastahili tiba kama mtu mwingine. Wala haitakuwa haki kuwatukana wanakemia wale, kwa kuwa shirika lisilo la faida, DNDi, lilishirikiana nao na ndilo lililoibeba akoziboroli mpaka kwa wagonjwa. Lakini foleni ni foleni, na kila mtu aone nani aliwekwa mbele. Ukucha uliobadilika rangi katika nchi tajiri ulihudumiwa kabla ya ubongo wa mvuvi wa Tanganyika, ingawa dawa zote mbili zilitoka jikoni kwa mpishi mmoja.

Wala si mara ya kwanza. Malale yana historia ndefu ya kuwekwa mkiani, na historia hiyo imepita papa hapa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Wajerumani walifungua makambi ya wagonjwa kando ya Ziwa Tanganyika, na Robert Koch, katika visiwa vya Sese huko Uganda, alijaribu atoksili, dawa ya aseniki iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Kisha kampuni ya Bayer ikatengeneza dawa iliyo bora zaidi, inayoitwa leo suramini, na ikaificha fomula yake. Ujerumani ilikuwa imekwisha kunyang'anywa makoloni, na katika miaka ya 1920 baadhi ya Wajerumani walisema waziwazi kwamba dawa hiyo ni ufunguo wa Afrika, na kwamba siri yake isitolewe bure ila kwa kurudishiwa makoloni. Tanganyika ilikuwa mojawapo. Ndivyo uhai wa Mwafrika ulivyowekwa mezani kama sarafu. Aliyeivunja siri hiyo hakuwa mwanajeshi wala mwanadiplomasia. Alikuwa mwanakemia, Ernest Fourneau wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyeipata fomula kwa akili yake na kuitangaza mwaka 1924. Mtumishi anayeuliza kemia ya namna hii ina faida gani kwa taifa, ajibiwe kwa habari ya Fourneau.

Baada ya suramini, ambayo haifai ugonjwa ukishaingia ubongoni, ikaja melarsoproli mwaka 1949. Nayo ni ya aseniki. Huunguza mishipa inapoingia, na huua takriban wagonjwa watano katika kila mia wanaotibiwa nayo. Daktari mwenye sindano hiyo mkononi alijua kuwa huenda anamwua mgonjwa wake, na mgonjwa alijua pia. Kwa mgonjwa wa rhodesiense aliyefikia hatua ya ubongo, hiyo ndiyo ilikuwa tiba kwa zaidi ya miaka 70. Eflornithini ilipopatikana, iliwafaa wagonjwa wa gambiense peke yao. Hata hivyo uzalishaji wake ulisimamishwa katika miaka ya 1990 kwa kukosa faida, mpaka ilipogunduliwa kuwa yaweza kupunguza nywele za usoni kwa wanawake. Krimu ya urembo iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Mwaka uliofuata, baada ya kelele nyingi duniani, dawa ya malale ikarudi kutengenezwa. Kwanza ndevu, kisha uhai. Baadaye kwanza kucha, kisha uhai.

Jaribio la akoziboroli lilitolewa hadharani mwishoni mwa 2022. Wagonjwa 208 waliandikishwa katika hospitali kumi za Kongo na Guinea, wakiongozwa na madaktari Waafrika, na kila mmoja alimeza miligramu 960 mara moja. Baada ya miezi 18, wale 41 waliokuwa katika hatua za mwanzo na za kati walihesabiwa kuwa wamepona wote, na kati ya 167 waliokuwa na ugonjwa wa hatua ya mwisho walipona 159. Hakuna sindano, hakuna aseniki, hakuna kulazwa siku kumi. Mwaka 2018 watafiti walikuwa wamekwisha kuonyesha jinsi inavyofanya kazi: boroni huziba kisu ambacho kimelea hukitumia kukatia na kukamilisha ujumbe wa jeni zake, na kimelea kisichoweza kusoma ujumbe wake hakiishi.

Lakini wagonjwa wote 208 walikuwa wa gambiense. Mgonjwa wa Rukwa hakuwamo. Dawa ambayo mwaka 2011 ilikwisha kuonekana katika maabara kuwa inaua vimelea vyake pia, ilipimwa kwa jirani yake wa ng'ambo ya ziwa.

Husemwa kwamba sababu yake ni uchache wa wagonjwa. Ni kweli kwamba wamepungua sana. Mwaka 1998 dunia iliandikisha karibu wagonjwa 40,000 wa malale. Tangu mwaka 2018 idadi imekuwa chini ya 1,000 kila mwaka, na wa rhodesiense ni sehemu ndogo ya hao. Jambo hilo ni la kufurahiwa. Lakini hoja hiyo haipatani na hoja ya watu walewale kwamba ugonjwa ukiwa wa wengi mno, basi gharama ni kubwa mno. Mwananchi wa kijijini amekuwa mwingi mno kutibiwa, na sasa amekuwa mchache mno kutibiwa. Ni lini atakuwa wa kadiri inayotakiwa? Na mwaka 2001, watalii kadhaa wa Ulaya walipougua malale baada ya kutembelea Serengeti na Tarangire, majarida ya madaktari wa Ulaya yaliandika mara moja. Hawakufika hata ishirini. Uchache wao haukumzuia mtu kushika kalamu.

Tena uchache wenyewe una mashaka. Kwa gambiense kipo kipimo cha haraka cha kidoleni. Kwa rhodesiense mgonjwa hutambuliwa kwa hadubini, kwa kutazama damu yake kwenye kioo. Zamani mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria katika damu aliweza kukutana na tripanosoma ikicheza mbele ya macho yake. Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa maisha mengi na hakuna wa kukibeza. Lakini kipimo hicho hujibu swali moja tu. Kikisema malaria hakuna, homa ikiendelea, na hadubini ikawa imefunikwa kitambaa kwa sababu "siku hizi tunatumia vipimo vya haraka", mgonjwa wa malale hataonekana, na asipoonekana hatahesabiwa, na asipohesabiwa itasemwa kuwa hayupo. Rwanda mwaka 2022 na Kenya mwaka 2025 zilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa zimeyaondoa malale ya rhodesiense kama tatizo la afya ya jamii, na hakuna nchi inayopata uthibitisho huo kwa kufunika hadubini.

Upo mfano mwingine ulio karibu. Feksinidazoli, ambayo si ya boroni bali ni vidonge vya siku kumi, ilikubaliwa na wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwaka 2018 kwa gambiense. Kwa rhodesiense ilingoja mpaka mwisho wa 2023. Ilifika kwa sababu Malawi na Uganda zilikubali kuwapima wagonjwa wao wachache hao hao, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka mbele ya suramini na melarsoproli kwa wagonjwa walio wengi wa rhodesiense. Malawi si nchi tajiri kuliko Tanzania. Haina bahari, haina gesi, na haina dhahabu ya Geita. Ilikuwa na madaktari waliouliza.

Kuna na upande wa mifugo, ambao maafisa wa wilaya hupenda kuutenga kama si wa dawa za watu. Rhodesiense hukaa katika ng'ombe na wanyama wa porini, hivyo kumtibu mtu peke yake ni kukausha sakafu huku bomba liko wazi. Wafugaji wamehamia kwa wingi katika Bonde la Rukwa wakiwa na makundi makubwa, na kinga yao imebaki Berenil na Samorin, dawa za zama za mkoloni ambazo vimelea katika sehemu nyingi za Afrika vimekwisha kuzizoea. Hapa tena boroni imeonyesha njia: benzoksaboroli nyingine, iliyopewa namba AN11736, imeponya ng'ombe wa majaribio wenye nagana kwa sindano moja. Afisa Mifugo wa Nkasi na Mganga Mkuu wa Wilaya wanapaswa kuisoma habari hiyo kwenye meza moja.

Itajibiwa kwamba Tanzania haina watu wa kazi hiyo. Hilo halikubaliki. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, mwaka uleule wa Suzuki na Miyaura, na kituo chake cha Tabora kimeshughulikia malale kwa miaka mingi. Kituo cha Tanga ndicho kilichofuga mbung'o madume kwa mamilioni, wakahasiwa kwa mionzi na kuachiwa kutoka angani juu ya Unguja tangu 1994, mpaka kisiwa kizima kikatangazwa mwaka 1997 kuwa hakina mbung'o. Wataalamu wa mataifa mengi walisaidia, lakini nzi walilelewa na mikono ya Watanzania, na sayansi ile haikuwa nyepesi kuliko kuunganisha kaboni mbili. Kilichokosekana ni mwanakemia wa dawa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimechunguza mimea ya dawa kwa muda mrefu na kwa sifa. Lakini kutoka kwenye kugundua kitu ndani ya gome mpaka kukibadili, kukipunguza sumu na kukifanya kidonge, ndipo njia inapokatika, na ndipo asidi za boroniki zinapohitajika kila siku. Viwanda vya dawa vilivyopo nchini huchanganya, hukandamiza vidonge na kufungasha, huku viini vya dawa vikitoka ng'ambo. Na paladiamu, yule mshenga, anachimbwa kwa wingi Afrika Kusini, na Zimbabwe pia, nchi mbili za kusini mwa Afrika, halafu hupanda meli.

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba uwanda wa Ufipa haukuanza kusikia kemia kwa wageni. Wafipa walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, wakapanga ndani yake mawe ya chuma na makaa, na makaa yakayanyang'anya mawe oksijeni yake mpaka chuma kikabaki; kisha wakakisafisha katika kintengwe, tanuri dogo. Masalia ya malungu hayo yameonekana mpaka nyakati hizi, na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyaandikia. Mafundi wale walijua ni mti gani unatoa makaa yafaayo na ni wakati gani wa kuacha kuchochea. Mwanafunzi wa Namanyere anaweza kufika kwenye ilungu kwa miguu, lakini hufundishwa kuondolewa kwa oksijeni kwa mfano wa tanuri la Ulaya lililochorwa kitabuni, akalikariri, akafaulu au akashindwa, na kwa vyovyote akaamini kuwa kemia ni habari za mbali. Mwalimu wa kemia anayewapeleka wanafunzi wake kwenye ilungu hahitaji kibali kutoka Dodoma, wala bajeti. Akirudi darasani, elementi ya tano haitamchukua zaidi ya kipindi kimoja: aeleze kiti kitupu, aeleze mshenga, aeleze vidonge vitatu, kisha awaulize wanafunzi kwa nini vidonge hivyo vilipimwa Kongo na Guinea na si katika bonde wanaloliona kutoka ukingoni mwa uwanda. Swali hilo linawahusu, na watalikumbuka kuliko rangi za miali ya moto.

Kwa upande wa watumishi, kazi yao nayo haihitaji miujiza. Zahanati zilizo kando ya mapori ya Lwafi na Katavi zirudishiwe desturi ya kutazama damu kwa hadubini kila homa isiyo malaria inapodumu. Hesabu za watu na za ng'ombe ziandikwe pamoja. Na Wizara ya Afya, kwa kinywa cha taasisi yake ya utafiti, iwaandikie wenye akoziboroli ikidai, kwa hesabu hizo, kwamba wagonjwa wa rhodesiense wa Tanzania wawekwe katika majaribio, na vijana wa Tanzania wawekwe katika maabara zinazounganisha misombo hiyo, wala si katika chumba cha kupokea maboksi. Barua ya namna hiyo ni ukurasa mmoja. Atakayeiona kuwa ni kujikweza na aiandikie nyingine, aeleze kwa jina na kwa cheo chake ni kwa nini kucha zilistahili kutangulia.